Namna ya Kulinganisha SUV Ndogo Kabla ya Kununua: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Dodoma

Anayetafuta SUV ndogo hapa Dodoma kwa kawaida huanza na swali la jina: RAV4 au X-Trail, Forester au CR-V, CX-5 au Escudo. Swali hilo lina nafasi yake, ila watu wengi huliuliza mapema mno. Magari mengi tunayonunua yameshatumika Japani kwa miaka minane, kumi au zaidi, na baadhi yake yamepita mikono miwili mitatu hapa nchini. Yakifikia umri huo, tofauti kati ya X-Trail mbili zilizotunzwa kwa namna mbili huwa kubwa kuliko tofauti kati ya X-Trail na RAV4. Kwa sababu hiyo ulinganishaji wenye faida hufanyika kwa awamu mbili: kwanza unalinganisha aina za magari kwenye karatasi ili kuondoa zisizokufaa, kisha unalinganisha magari yenyewe, moja baada ya jingine, kwa namba ya chesisi, kwa macho na kwa kuyaendesha.

Anza na njia unazopita

Kabla ya kutembelea yadi yoyote, andika safari zako za mwaka mzima jinsi zilivyo kweli, si jinsi unavyotamani ziwe. Mtu anayeishi Kisasa au Ilazo na kufanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, hupita kwenye lami karibu siku zote, na kwake uvungu mkubwa, yaani nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari, ni anasa anayoilipia kila anapojaza mafuta. Anayejenga Nala, Iyumbu au Mkonze hukutana na mchanga laini wakati wa kiangazi na makorongo yaliyochimbwa na maji kuanzia Desemba hadi Aprili. Mwenye shamba la mpunga upande wa Bahi anajua tope la mbuga, ambalo hujaza njia za matairi mpaka tairi linazunguka kama la plastiki. Hawa watu watatu wakinunua gari la aina moja, angalau mmoja wao amekosea.

Safari ya Dar es Salaam nayo inastahili kufikiriwa upya. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo hoja kuu ya kununua gari lenye injini kubwa na viti vya starehe, lakini tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wengi huliacha gari nyumbani. Reli hiyo haifiki Kondoa, Kongwa mjini wala Mvumi, na kwa maoni yangu gari lipimwe kwa safari hizo ambazo treni haikusaidii.

Hesabu pia watu na mizigo. SUV ndogo nyingi zina viti vitano. Toyota Vanguard, iliyouzwa Japani kuanzia 2007 hadi 2013, hupatikana ikiwa na viti saba, na Mitsubishi Outlander vilevile, lakini safu ya tatu katika magari yote mawili inawafaa watoto, na ikikunjuliwa nafasi ya mizigo hubaki ya mkoba mmoja. Mwenye familia ya watu saba wazima atafute gari la daraja jingine badala ya kujilazimisha hapa.

Foo wili: je, unaihitaji, na je, gari linayo?

Karibu aina zote za SUV ndogo huuzwa kwa mifumo miwili, ule wa kuvuta kwa magurudumu mawili na ule wa magurudumu manne, yaani foo wili, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Madalali wengi husema kwa unyofu kabisa kwamba gari ni foo wili kwa kuwa tu liko juu. Jibu la uhakika lipo kwenye herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chesisi. RAV4 inayoanza na ACA31 ina foo wili, na ACA36 haina. Vanguard ya lita 2.4 ni ACA33 yenye foo wili na ACA38 isiyo nayo. X-Trail ya lita 2 ni NT31 na T31. CR-V ya kizazi cha tatu ni RE4 na RE3. Toyota Rush ni J210E na J200E. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari na kwenye kibati kilichopigwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na ni lazima zifanane. Forester ndiyo inayokuondolea kazi hiyo, kwa kuwa zile zilizouzwa Japani zina foo wili ya kudumu.

Zaidi ya hapo, foo wili hazifanani. Katika RAV4, X-Trail, CR-V na CX-5, magurudumu ya mbele ndiyo hufanya kazi siku zote, na ya nyuma huitwa kusaidia pale ya mbele yanapoteleza. Mfumo huo unatosha kwa barabara ya vumbi yenye utelezi au kwa kupanda tuta la mchanga fupi, lakini ukiulazimisha kwenye mchanga mrefu kiungo kinachopeleka nguvu nyuma hupata moto na kujizima ili kijilinde. Suzuki Escudo ni ya jamii nyingine: nyingi zake zina gia nzito ya foo wili kwa ajili ya mwendo wa taratibu wenye nguvu, na bodi yake imeimarishwa kwa fremu iliyounganishwa ndani yake. Rush yenye foo wili nayo ina kitufe cha kufunga difu ya katikati. Kwa mtu wa vijijini Chamwino au Kondoa, mambo hayo mawili yana thamani kuliko skrini kubwa kwenye dashibodi.

Kwa anayekaa mjini, ushauri wangu ni kinyume cha kinachopendwa: chukua ya magurudumu mawili. Ni nyepesi, inakunywa mafuta kidogo, haina difu ya nyuma ya kubadilishiwa oili (isipokuwa Rush, ambayo huvuta kwa magurudumu ya nyuma), na kwenye mchanga wa Iyumbu kupunguza upepo wa matairi hukutoa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Ujazo wa injini na mwaka wa gari ni suala la kodi

Anayeagiza gari kutoka Japani hulipa kodi zinazopandiana. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 huhesabiwa juu ya thamani ya gari likiwa limefika bandarini. Ushuru wa bidhaa huhesabiwa juu ya jumla hiyo, kwa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 isiyozidi cc 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na la zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Kisha VAT ya asilimia 18 huja juu ya yote, pamoja na tozo nyingine ndogo. Kwa kuwa bajeti ya kila Julai inaweza kugusa viwango, hesabu ya mwisho ifanywe kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kilicho kwenye tovuti ya TRA. Kikokotoo hicho hutumia thamani iliyomo kwenye kanzidata ya TRA, kwa hiyo bei nafuu uliyoipata kwa muuzaji haimaanishi kodi nafuu.

Tuchukue gari ambalo thamani yake kikodi ni shilingi 10,000,000. Baada ya ushuru wa forodha linakuwa 12,500,000. Injini ikiwa chini ya cc 2,000 ushuru wa bidhaa ni 625,000, na ikizidi ni 1,250,000. Ukiongeza VAT, tofauti kati ya injini hizo mbili ni shilingi 737,500. Umri una uzito zaidi: kutoka daraja la asilimia 15 kwenda la asilimia 30 ni nyongeza ya 1,875,000, ambayo pamoja na VAT inakuwa 2,212,500. Ndiyo maana gari la miaka tisa lenye bei kubwa kidogo linaweza kukufikia mkononi kwa gharama ndogo kuliko la miaka kumi na moja lililoonekana rahisi.

Sasa weka magari kwenye mstari huo wa cc 2,000. RAV4 na Vanguard za lita 2.4 zina cc 2,362 na CR-V ya kizazi cha tatu ina cc 2,354, hivyo zinaangukia upande ghali. X-Trail ya lita 2 na CX-5 ya petroli ya lita 2 zote zina cc 1,997, na Forester za lita 2 zisizo na turbo ziko chini ya 2,000 pia. Escudo ipo ya cc 1,995 na ya cc 2,393. Rush ina cc 1,495, na kwa upande wa kodi na mafuta hakuna inayoisogelea katika kundi hili. Lakini Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, ambapo injini isiyo na turbo hupungukiwa na takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na Rush yenye watu watano na mizigo ikipanda milima ya Gairo itakukumbusha hilo kila unapotaka kulipita lori.

Anayenunua gari lililokwisha kusajiliwa hapa nchini haepuki hesabu hii, kwani muuzaji ameshaiweka ndani ya bei. Gari la namba E huuzwa ghali kuliko la namba D la mwaka uleule wa kutengenezwa, ingawa herufi hiyo inaonyesha tu lini gari lilisajiliwa Tanzania. Uliza mwaka wa kutengenezwa, usiridhike na herufi.

Giaboksi: hapa pasipuuzwe

Kama ningeruhusiwa kulinganisha kitu kimoja tu kati ya SUV hizi, ningelinganisha giaboksi. Injini za Kijapani za kipindi hiki huvumilia mengi, ilhali giaboksi ikifa unaweza kukuta bei ya kuitengeneza au kuibadilisha imekula sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni otomatiki ya kawaida yenye gia zinazohesabika: Forester yenye chesisi inayoanza na SH5 ina gia nne, Rush nne, Escudo ya lita 2.4 nne, CR-V ya kizazi cha tatu tano, na CX-5 sita. Ya pili ni CVT, ambayo haina gia za kubadilika bali mkanda au mnyororo wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. X-Trail ya lita 2 ya kizazi cha T31 hutumia CVT, Forester ya SJ5 (kizazi kilichofuata SH5) isiyo na turbo nayo, na Harrier ya lita 2 ya kuanzia 2013 pia. Mitaani husemwa kwamba Toyota za zamani kidogo hazina CVT. Si kweli, kwani RAV4 na Vanguard za lita 2.4 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina CVT.

CVT si mbaya kwa asili yake. Inapunguza ulaji wa mafuta na huenda laini. Tatizo lake ni oili na joto. Kila kampuni ina oili yake: Nissan ya T31 hutumia NS-2, Toyota ya kipindi kile hutumia TC, na kumimina oili ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa dukani iliyotakiwa haikuwepo ni kuisaini hati ya kifo ya giaboksi. Joto la Oktoba, mzigo mzito na mlima mrefu huifanya CVT iliyochakaa ipunguze nguvu ghafla ili ijipoze, na dereva huona gari limegoma kukimbia ingawa injini inanguruma. Kwa hiyo unapolinganisha X-Trail na CR-V, usiulize tu ipi ina CVT. Muulize kila muuzaji oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, wapi, na ya aina gani. Anayeweza kuonyesha risiti ya gereji ana gari la thamani zaidi kuliko anayesema haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani, ingawa wa pili hulisema hilo kama sifa.

Udhaifu unaojulikana wa kila injini

Injini ya lita 2.4 ya RAV4 na Vanguard, aina ya 2AZ-FE, inajulikana kwa kula oili katika magari ya takriban 2006 hadi 2011, kutokana na ringi za pistoni. Haiui gari mara moja, lakini mmiliki asiyechungulia kijiti cha oili huja kushtuka taa nyekundu ikiwaka njiani kuelekea Singida. Forester za mwanzo za SH5 zina injini ya EJ20 yenye taimingi belti inayotakiwa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na ikikatika vali hugongana na pistoni. Kuanzia mwishoni mwa 2010 zisizo na turbo zilipata injini ya FB20 yenye cheni. Tofauti hiyo haionekani kwa nje, nayo inatosha kuamua kati ya Forester mbili zenye bei sawa.

CX-5 ya dizeli ya cc 2,188 inavutia kwa nguvu na kwa ulaji mdogo wa mafuta. Mimi sina ugomvi nayo kwa mtu anayekwenda Babati au Morogoro kila wiki. Kwa anayezunguka kati ya Area C, Majengo na Sabasaba, chujio lake la masizi kwenye bomba la moshi halipati joto la kutosha kujisafisha, hujaa, na taa ya onyo huwa ya kudumu. Chukua ya petroli.

Uvungu na matairi

Kwa uvungu, Forester inaongoza kwa takriban milimita 215 hadi 225 kulingana na toleo, ikifuatiwa na CX-5 yenye 210. X-Trail, Escudo na Rush ziko karibu na 200. RAV4 iko chini kidogo ya hapo, na CR-V ya kizazi cha tatu ina 185. Namba hizi ni za gari jipya lisilo na mzigo. Springi zikishachoka, CR-V yenye watu watano huparuza tuta ambalo Forester hulivuka bila habari. Pima mwenyewe kwa futi kamba kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi ni bomba la moshi au kinga ya injini.

Tairi la RAV4 na la CR-V mara nyingi ni 225/65R17, na la X-Trail za kawaida na baadhi ya Forester ni 215/65R16. Saizi hizi hupatikana mjini bila kuhangaika. Matoleo ya juu ya CX-5 huvaa 225/55R19, ambalo ni ghali, lina ubavu mfupi, na shimo moja la barabara ya changarawe linaweza kupinda rimu. Soma pia tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la huku hupasua mpira hata kama kashata bado ni nzuri. Mwisho, fungua buti utazame tairi la akiba. Magari mengi kutoka Japani huja na tairi jembamba la dharura, mengine na chupa ya dawa ya kuziba tu, na katika nchi ya migunga na miiba yake upungufu huo uingie kwenye bei.

Mafuta na vipuri

Takwimu za mafuta kwenye matangazo ya Kijapani zilipimwa maabara, hivyo tumia za watu wanaoendesha gari hilo hapa, au zako: jaza tangi hadi pampu ikate, andika kilomita, endesha, jaza tena kwenye pampu ileile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Tuseme gari moja linatoa kilomita 9 kwa lita na jingine 12, nawe unakwenda kilomita 15,000 kwa mwaka. La kwanza linatumia lita 1,667 na la pili 1,250. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni kama shilingi 1,250,000 kila mwaka. Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi rudia hesabu kwa bei ya mwezi wako.

Kuhusu vipuri, kipimo changu ni rahisi. Orodhesha vitu vinavyoisha: pedi za breki, shokapu za mbele, bushi, boljointi, chujio za hewa na oili, na taa moja ya mbele. Piga simu kwenye maduka matatu ya Dodoma uulize bei ya kila kimoja kwa kila gari unalolifikiria, na uandike ni kipi kipo na kipi kitatoka Kariakoo kwa basi la usiku. Kwa Toyota na Nissan utapata majibu upesi. Kwa Subaru na Mazda utaambiwa usubiri kwa baadhi ya vitu. Fanya hivyo hivyo kwa mafundi: fundi asiyejua Subaru atakushauri usinunue Subaru, na ushauri huo unakueleza habari za fundi kuliko za gari, ingawa kama ndiye fundi pekee unayemwamini una haki ya kumsikiliza.

Sasa magari yenyewe

Kwa gari linaloagizwa, dai karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo zaidi, na R au RA limewahi kufanyiwa matengenezo ya ajali. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu na C ni kutu iliyokula. Ogopa S na C kuliko A nyingi, kwa maana gari lililoishi mikoa ya theluji ambako barabara humwagwa chumvi lina ugonjwa wa uvunguni usioponywa kwa rangi.

Kwa gari lililopo hapa, fika asubuhi injini ikiwa ya baridi, na mwambie muuzaji mapema kwamba usingependa liwashwe kabla yako. Weka mkono juu ya boneti kwanza. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa karatasi nyeupe, kichomeke na ukichomoe tena. Kwa RAV4 oili iliyo chini ya alama ya chini ni jibu tosha la swali ambalo ungeuliza. Kisha fungua boksi la chujio la hewa na upitishe kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, upande wa pili wa chujio. Kidole kikitoka na vumbi jekundu laini kama unga, injini imekuwa ikivuta vumbi moja kwa moja, na hakuna bei ya kupunguziwa inayotosha. Tafuta pia stika za Kijapani kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, ambazo huandikwa tarehe na kilomita za huduma ya mwisho. Stika ikisema kilomita 98,000 na dashibodi ikisema 76,000, funga boneti na uage kwa heshima.

Barabarani, tumia njia moja kwa magari yote unayolinganisha, saa zilezile, ukiwa na mzigo uleule. Njia yangu huanza katikati ya mji, hufuata barabara ya Dar es Salaam hadi Ihumwa kwa mwendo wa kawaida wa lami, huingia kwenye barabara ya changarawe kwa dakika kumi redio ikiwa imezimwa, na kumalizikia kwenye uwanja tambarare. Kwenye lami sikiliza mtetemo unapokanyaga mafuta taratibu, kwani CVT inayochoka hutetema kwenye mwendo mdogo. Kwenye changarawe sikiliza bushi na shokapu. Uwanjani pinda usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kila upande. Mlio wa tak-tak-tak unatoka kwenye viungo vya shafti za mbele. Kisha simama juani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa hadi mwisho, kwa dakika kumi na tano. Baadhi ya magari hayana geji ya joto bali taa tu, kwa hiyo mpe fundi mashine ya kompyuta asome joto la maji na makosa yaliyohifadhiwa wakati huohuo. Kama makosa yote yamefutwa asubuhi hiyo, mashine nyingi zitaonyesha.

Redio ya Kijapani huishia karibu na FM 90, kwa hiyo utakosa stesheni nyingi. Ni jambo dogo. Usilipe wala usikatae gari kwa ajili yake.

Kuamua na kulipa

Kwa kila gari lililobaki, andika kwenye safu moja bei ya kulipata mkononi, matengenezo ambayo fundi amesema hayakwepeki, matairi, bima kubwa ambayo hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na mafuta ya miaka mitatu. Toa bei ambayo gari la aina hiyohiyo, lenye umri wa miaka mitatu zaidi, linauzwa leo. Hapo ndipo Toyota hujitetea, kwani RAV4 inaweza kukugharimu zaidi kwa mafuta na kukurudishia sehemu ya fedha hiyo siku unapoiuza, wakati CX-5 au Forester hukaa sokoni muda mrefu Dodoma ikisubiri anayeijua.

Nikilazimika kusema, kwa mkazi wa mjini mwenye shamba la kutembelea mara chache ningeweka mbele CX-5 ya petroli ya lita 2 yenye magurudumu ya kawaida ya inchi 17. Kwa anayepita Kondoa vijijini wakati wa mvua, Escudo ya lita 2.4, japo inakunywa mafuta. Na X-Trail ningeichukua kwa furaha ikiwa tu ina risiti za oili ya giaboksi.

Kwa gari lililosajiliwa nchini, kabla ya kutoa fedha hakiki faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, na uhakikishe jina lililoko kwenye kadi ni la mtu uliyekaa naye, au kwamba ana hati ya kisheria ya kuuza kwa niaba yake. Mkataba uandikwe mbele ya wakili ukiwa na namba ya chesisi na ya injini, malipo yapite benki, na maombi ya kuhamisha umiliki TRA yaanzishwe siku hiyohiyo muuzaji akiwa bado yupo, kwa kuwa taarifa zake zitahitajika na si kila muuzaji hupokea simu baada ya fedha kuingia.